Mama wa Miaka Sita na Feni ya Hita

Juzi nikitoka Matayos mvua ilinikamata njiani, ile mvua yetu ya alasiri isiyopiga hodi. Kioo cha mbele kikaingia ukungu kwa ndani, nikawasha feni ya hita, na kabla upepo haujanifika usoni ikatangulia harufu: vumbi lililoungua, na nyuma yake ile harufu kavu ya kaboni za mota inayokaribia kufa. Gari langu ni kuukuu, sijisifu nalo. Nikalisimamisha pembeni, nikazima injini, nikakaa. Wengine hunusa maandazi wakakumbuka kwao. Mimi nilinusa mota ya feni, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Baba wala kibanda chake cha Malaba. Kilichonijia ni wivu. Ulikuja mzima, haujapungua hata kidogo, na mimi na mvi zangu hizi nikajikuta nimemnunia mdogo wangu Nabwire, ambaye saa hiyo pengine alikuwa kwake Budalang'i akichemsha chai na hana habari.

Sisi tuliolelewa Malaba tunajua kulala na ngurumo za injini. Malori ya kuvuka kwenda Uganda yalijipanga mbele ya nyumba zetu siku nzima, na dereva hukumbuka kwamba taa yake ya breki haiwaki pale tu anapokwama kwenye foleni. Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari. Kibanda chake cha mabati kilipakana na nyumba yetu, na madereva walimwita kila mmoja kwa mdomo wake: fundi, boss, ssebo. Alifanya kazi kama chifu anayesikiliza kesi. Hakubadilisha kitu kwa kubahatisha. Alianzia kwenye betri, akaja kwenye fyuzi, akafuata waya mpaka kwenye swichi, akaishia kwenye kile kifaa kilichogoma, na kila alipofika aliuliza swali moja tu kuhusu umeme: moto umefika hapa? Aliuliza kwa taa ya kupimia, kijitaa chenye ncha ya kuchoma waya upande mmoja na kibanio cha kushika bodi ya gari upande wa pili. Kikiwaka, shahidi huyo ameachiliwa, aitwe mwingine. Na alipohitaji mtu wa kuwasha swichi huku yeye amelala chini ya gari, hakumwamini yeyote. Tanboi, yule msaidizi wa dereva wa lori, akisema, "Nimewasha, fundi," Baba alijiinua, akaitazama swichi kwa macho yake mwenyewe, akarudi chini. Nilimwona akifanya hivyo hata kwa wenye magari, na baadhi yao walikasirika.

Sasa nimweleze huyo Nabwire. Alizaliwa mimi nikiwa na miaka mitatu hivi, akalia siku nne mfululizo. Shangazi zake Baba wakaja, wakamzunguka, wakaanza kumtajia majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi yetu, mpaka lipatikane jina la kumnyamazisha. Walipotaja Nabwire, jina la marehemu mama yake Baba, mtoto akanyamaza palepale, akashika ziwa. Ikawa imekwisha. Tangu siku hiyo Baba hakumwita kwa jina. Alimwita Mama, na mama yetu mzazi, ambaye sisi tulimwita Mayi, naye akamwita Mama, na majirani wakafuata. Mimi siku niliyozaliwa kulikuwa kunanyesha. Wakaniita Nafula kwa ajili ya mvua, wakarudi ndani kujikausha. Hakuna marehemu hata mmoja aliyenitaka.

Mtu asidhani ni jina la mzaha. Asubuhi Baba alipotoka chumbani alikwenda kwanza kwa yule mtoto, mwenye kamasi na nywele zimesimama, akamuuliza kwa heshima, "Mama, umeamkaje?" Mimi nilisalimiwa kwa kuulizwa kama nimefagia. Nabwire hakugombezwa. Alipovunja kioo cha taa ya lori la mteja, Baba alisema, "Mama amekasirika leo," akaenda kutafuta kioo kingine. Baba alipovuka mpaka akarudi na vile vitonge vitamu vya simsim, alimkabidhi mfuko wote: "Mama, gawa." Naye aligawa kwa haki, nisimsingizie, mara nyingine hata akaniongezea mimi. Hilo ndilo lililoniudhi kupita yote, kwamba nile vitu vya baba yangu kutoka kwenye kiganja cha mtoto asiyejua kufunga viatu. Na katika gari letu, ile saluni nyeupe ya zamani aliyokuwa ameifufua mwenyewe waya kwa waya, kiti cha mbele kilikuwa cha Nabwire. Mimi nilikaa nyuma na sanduku la spana.

Nilikuwa na akili zangu, lakini zilikuwa akili za miaka tisa. Niliamini bibi yetu yumo ndani ya Nabwire, amejikunja, anatazama. Nilimvizia akiwa amelala, nikamchungulia sikioni. Mwaka aliofikisha miaka sita meno yake ya mbele yalipoanza kung'oka, mawili kwa wiki moja, nilipata uthibitisho wote niliouhitaji: alikuwa anazeeka. Nami nikapiga hesabu zangu kimyakimya. Kama ni bibi, na anazeeka kwa kasi hiyo, basi atakufa tena karibuni, na Baba atabaki na mimi. Sikumwombea afe. Nilingoja tu, kwa subira.

Msimu ule wa mvua Mayi aliugua tumbo, akapelekwa hospitali Eldoret, akafanyiwa operesheni. Tukabaki watatu nyumbani, na jirani yetu Mama Amoit, Mteso mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati, akawa anatupikia. Baba alikwenda kumtazama mgonjwa mara moja, akarudi na maneno ya daktari. Jumamosi ataruhusiwa kutoka, lakini asipigwe na baridi. Akipigwa na baridi atakohoa, na akikohoa nyuzi za tumbo zitafumuka. Nilikuwa nimewahi kumwona Mayi akifumua gauni, uzi mmoja ukivutwa na nyingine zote zikifuata, kwa hiyo nilielewa kabisa, au nilidhani nimeelewa.

"Hapandi matatu," Baba alimwambia Mama Amoit. "Huko juu kupita Webuye ni baridi na mvua. Namleta na gari yangu. Namlaza kiti ya nyuma na godoro, nawasha hita mpaka nyumbani."

"Na hawa watoto?"

"Mbele kuna nafasi ya mmoja. Nitaenda na Mama. Nafula atabaki kwako."

Nilikuwa nimesimama pale pale, na sufuria mkononi. Alisema hivyo bila kunitazama, kama mtu anayetaja siku ya soko. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga deki, nimefua, nimemwogesha huyo Mama wake na kumsuka. Mimi ndiye niliyemlilia Mayi chini ya blanketi. Yule mwingine alikuwa ameuliza tu kama Eldoret kuna biskuti.

Siku ya Jumatano feni ya hita ikafa. Baba alikuwa akitoka Amukura kwenye kazi, mvua ikashuka, kioo kikafunga ukungu, akawasha feni na feni isiseme kitu. Alipanguza kwa kitambaa huku akiendesha, na katikati ya kupanguza akatokea mwanamke na beseni lake la ndizi barabarani. Alimkwepa, gari likaingia mtaroni kwa gurudumu moja. Alifika nyumbani na matope mpaka magotini. Bila ile feni hakuna joto, na bila joto wala kioo safi hakuna safari. Alikuwa na siku mbili.

Alhamisi asubuhi akaisikiliza kesi. Aliliegesha gari mbele ya kibanda, akafungua mlango wa abiria, akatandika gunia chini. Betri ilikuwa sawa. Fyuzi ilikuwa sawa, alichoma pande zote mbili na taa ikawaka. Sasa ilibidi aingize kichwa chini ya dashibodi upande wa abiria, mahali mota ya feni inapojificha, achomoe plagi yake na kuuliza kama moto unafika hapo swichi ikiwa namba nne, mwisho kabisa. Ukifika, mwenye hatia ni mota. Usipofika, mota haina kosa na mwizi yuko njiani.

Alihitaji mtu wa kushika swichi. Nilijua swichi ile kuliko sala zangu. Namba zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vya miaka, lakini kugeuza kuelekea dereva ni kuzima, na kuelekea abiria mpaka mwisho ni nne. Nilinyoosha mgongo ili nionekane.

"Mama," akasema Baba, "njoo ukae kwa dereva. Wewe ndiye mwenye gari leo."

Akambeba, akamweka, akamwonyesha: huku kuzima, huku nne. Nabwire akaitikia kwa kichwa. Akashika usukani kwa mkono mmoja na kunitazama mimi niliyekuwa nje na mwavuli wa kumkinga Baba miguu na mvua. Hakuwa na nia mbaya, alinitazama tu. Lakini alitabasamu na pengo lake lile, na mimi nikashindwa kuvumilia.

Nikaufunga mwavuli, nikaingia kiti cha nyuma. Malori yalikuwa yananguruma barabarani, na Baba alikuwa na kichwa na mabega ndani ya giza la dashibodi.

"Mama, weka nne!"

Nabwire akapeleka mkono kwenye swichi, akasita. Kushoto na kulia kwake vilikuwa bado havijatengana vizuri. Nikamsogelea sikioni. "Nne ni huku," nikasema, nikamwonyesha upande wa dereva. "Baba amesema huku." Akaigeuza mpaka mwisho wa upande huo, kwenye kuzima, akaridhika.

"Umeweka?"

"Nimeweka!"

"Nne?"

"Nne!"

Nilijua taa haiwaki. Nilikuwa nangoja kifuatacho, kwa sababu nilikuwa nimekiona mara mia: Baba atajiinua, atatazama swichi kwa macho yake, ataona, na atasema, "Ah, huyu bado mdogo. Nafula, njoo wewe." Nilikuwa tayari nimeshuka nusu ya kiti.

Hakujiinua. Alikaa vile vile chini, na sauti yake ikatoka polepole, "Basi moto haufiki." Ndipo nilipoelewa, ingawa si kwa maneno ninayoweza kuyatumia sasa. Kila mtu Malaba alihakikiwa na baba yangu, dereva, tanboi, mwenye gari. Lakini angeinukaje kwenda kuhakikisha kama mama yake hamdanganyi? Mimi nilikuwa nimemtegea Nabwire mtego, na mtego ukampita ukamnasa Baba.

Ningeweza kusema hapo hapo. Sikusema. Nilijiambia atagundua tu. Badala yake aliing'oa swichi, akaifungua, akakuta vibati vyake vya ndani vimeungua kidogo, vyeusi, kama swichi yoyote ya umri ule. Akaitazama kwa kuilaumu. "Ni wewe," akaiambia. Kisha akampigia Nabwire makofi mepesi mgongoni. "Asante, Mama. Umenisaidia."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo tupu.

Ijumaa asubuhi akaenda Busia na gari lile lile, madirisha wazi, kitambaa mapajani, kutafuta swichi kwenye maduka ya spea za mitumba. Alirudi mchana, shati limelowa, na swichi mkononi, akaifunga. Akageuza mwenyewe moja, mbili, tatu, nne. Feni haikusema kitu. Akairudisha nyuma, akampandisha Nabwire kwa dereva, akatandika gunia lake, akaingia tena chini ya dashibodi.

"Mama, weka nne."

Safari hii nilikuwa nimesimama mbali, karibu na mlango wa jikoni. Sikuhitaji kufungua mdomo. Nabwire alikuwa ameshajifunza kutoka kwangu, na alikuwa mwanafunzi mwema. Alipeleka mkono upande wa dereva bila kusita, mpaka mwisho.

"Nimeweka, Baba!"

Taa haikuwaka. Alichoma tena, akasugua ncha ya taa kwenye suruali, akachoma tena. Kisha akatoka taratibu, akaketi kwenye gunia, miguu kwenye matope, akaitazama ile taa ya kupimia kama vile yenyewe ndiyo iliyomgeuka.

Mama Amoit alikuja na kikombe cha chai. "Fundi, imekataa?"

"Moto umepotea ndani ya waya huko nyuma ya dashibodi," akasema Baba. "Hiyo ni kazi ya siku tatu, kutoa kila kitu. Ama labda ni mkono wangu umeisha, sijui. Nimefanya hii kazi miaka yote na feni inanishinda."

"Sasa mgonjwa?"

"Nitamleta na matatu tu. Nitamfunga na shuka mbili. Tutamwomba Mungu asikohoe."

Alikunywa chai yote, akairudisha taa ya kupimia kwenye sanduku, akafunga kifuniko. Mimi nikaona uzi. Nikamwona Mayi amebanwa kati ya abiria, dirisha halifungi, anakohoa mara moja, na uzi wa kwanza unachomoka. Nilitembea mpaka pale alipoketi, na sikujua nimeanza kulia mpaka nilipoonja chumvi.

"Baba, Nabwire haweki nne."

"Nini?"

"Anaweka kuzima. Jana pia aliweka kuzima. Mimi ndio nilimwambia nne iko huko."

Sitajipamba. Nusu ya kuungama kwangu ilikuwa hofu ya Mayi kufumuka. Nusu nyingine ilikuwa majigambo. Nilitaka hatimaye ajue kwamba kulikuwa na mtu katika nyumba ile aliyejua nne iko wapi, na mtu huyo ni mimi. Hata nikilia hivyo, nilikuwa nasubiri aseme kwamba nina akili.

Baba hakunipiga. Alifungua sanduku. "Ingia kwa dereva," akasema. Nabwire akashuka, mimi nikapanda. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

"Weka nne."

Nikaweka.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Na baba yangu akajiinua, akachungulia swichi kwa macho yake, akarudi chini. Wakati huo lile jambo lilinichoma kuliko kofi. Kisha kutoka gizani nikaona mwanga mwekundu wa kijitaa ukimulika kidevu chake. Moto ulikuwa unafika. Ulikuwa umefika tangu Alhamisi.

Akairudisha plagi mahali pake, akachukua spana, akaligonga ganda la mota kwa mpini, mara moja, mara mbili. Ndani kukasikika mguno, feni ikajikokota, ikazunguka, ikatutemea vumbi na harufu ile kavu, kisha ikafa tena. "Kaboni," akasema. Skurubu tatu, mota ikawa mkononi mwake. Alipoifungua alinionyesha, sijui kwa mazoea au kwa nini: vile vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka moto kwenye mhimili wa mota vilikuwa vimelika mpaka vikawa vifupi kama kucha. Alichakura kwenye kopo lake la vitu vilivyotolewa kwenye magari yaliyokufa, akapata kaboni nene za stata, ile mota ya kuwashia injini, akazisugua kwenye jiwe la mlangoni, akapima, akasugua, mpaka zikaingia. Alilehemu waya zake. Kabla jua halijazama feni ilikuwa inazunguka kwa namba zote nne, na hewa ya moto ilitoka hata Mama Amoit akaweka mikono yake pale akacheka.

Baba akanawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga. Akakaa kwenye kigoda, akatuita. Nilijua hukumu imefika. Lakini hakuniangalia mimi. Alimgeukia Nabwire, akavua kofia.

"Mama," akasema, "huyu mtoto amekukosea. Amekufanya useme uongo kwa kinywa chako. Mimi siwezi kuhukumu kosa ulilokosewa wewe. Sema mwenyewe, tumfanye nini?"

Nabwire akatia kidole kwenye pengo, akafikiri. Mimi nilisimama mbele ya mtoto wa miaka sita nikingoja, na nikaamini kabisa kwamba bibi yule, ndani huko, anainuka.

"Aende yeye," akasema Nabwire.

"Aende wapi?"

"Kwa Mayi. Kesho. Mimi nilale kwa Mama Amoit. Paka yake amezaa."

Mama Amoit akaangua kicheko. Baba hakucheka. Alirudisha kofia kichwani, akasema, "Sawa, Mama. Umesema," na hakuna aliyelizungumza tena.

Nimeishi kuelewa baadhi ya mambo. Nilipokuwa mtu mzima Mayi aliniambia kwamba bibi alikufa Baba akiwa Tororo, kijana, akijifunza kazi ya waya, na habari zilimfikia mazishi yakiwa yameshapita. Alirudi akaonyeshwa udongo. Kwa hiyo najua sasa Baba alikuwa akimsalimia nani kila asubuhi. Najua, na haisaidii. Mpaka leo Nabwire akiingia sebuleni, na Baba kwa magoti yake yale mabovu akainuka kumpisha kiti, mimi hutazama ukutani.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Nilikaa mbele. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, na nilitamani foleni nzima ya Malaba inione, lakini madereva walikuwa wamelala ndani ya malori yao. Kupita Webuye barabara ikaanza kupanda na mvua ikatupokea, na ukungu ukajaribu kioo mara moja, feni ikaufuta. Kila mara Baba aliponiambia, "Weka mbili," au "Weka tatu," niliweka, na kila mara aliteremsha macho kuhakikisha. Nilijiambia ni kwa sababu namba zimefutika.

Mayi alitoka hospitalini akishikwa mkono na nesi, mwembamba, khanga imefungwa mpaka shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa wakati huo njia nzima. Nilikuwa nimekaa wima ili anione kabla hajaona kitu kingine. Baba akafungua mlango wa nyuma, gari lilikuwa na joto kama jikoni, akamlaza kwenye godoro taratibu. Mayi akainua kichwa, akanitazama mimi, kisha akatazama kando yangu, kisha chini ya kiti, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Mama ako wapi?" akauliza.

"Amebaki," Baba akajibu. "Ndiye alisema huyu aje."

"Oh," akasema Mayi. "Kama amesema, ni sawa." Akalaza kichwa chake.

Tukaanza kuteremka. Nilikuwa na kiti cha mbele, nilikuwa na swichi, nilikuwa na baba na mama yangu peke yangu ndani ya gari moja, na machozi yalinitoka nikashindwa kuyazuia. Mayi aliyasikia. Akanyoosha mkono kutoka nyuma, akanigusa bega, akauliza nalilia nini. Nikamwambia nimefurahi kumwona amepona. Aliamini, akaniacha nilie. Nilikuwa nalia kwa sababu hata siku ile, hata mama yangu, vyote nilikuwa nimegawiwa na Nabwire.